Dada Yangu Bado Yuko Benchini

Wewe uliyeshika rimoti, nasema na wewe. Usigeuke nyuma kana kwamba kuna mtu mwingine kwenye kochi. Kila Jumamosi inapokaribia saa sita mchana, tangazo la saruji likishaanza tu, kidole chako kinakimbilia mpira. Umefanya hivyo tangu ulipoanza kunyoa ndevu. Halafu Jumatatu, kazini, unajipiga kifua: "Benchi la Mjomba? Kipindi changu kile. Nimekua nacho." Umekua nacho, sawa. Wapo ambao hawajaruhusiwa kukua, mmoja wao ni dada yangu, na wewe ndiye uliyegeuza macho.

Nitaanzia mwanzo kabisa, maana najua utasema hukuambiwa.

Kipindi kilianza kwa ajali. Kituo kilikuwa na studio moja, kamera mbili, na pengo la Jumamosi asubuhi ambalo hakuna aliyejua la kulijaza. Siku hiyo walipanga kuonyesha filamu ya wanyama, filamu ikakwama kwenye mashine, ikaanza kuungua. Mle studioni kulikuwa na seremala kijana, kofia kichwani, brashi mkononi, akimalizia benchi refu la wageni. Mwongozaji akamnong'oneza, "Fundi, sema chochote, tuko hewani." Seremala akaitazama kamera, akalitazama benchi lake, akasema, "Watoto, karibuni mkae. Ila angalieni, mguu wa nyuma haujakauka rangi."

Jumamosi iliyofuata watoto wa mtaa mzima walikuwa langoni wamevaa nguo za kutokea. Seremala akaitwa Mjomba, na hajatoka studioni hadi leo.

Usinitajie vipindi vya siku hizi. Benchi la Mjomba lilikuwa na kila kitu. Alikuwepo mfanya mazingaombwe aliyemeza leso na wiki nzima tukabaki na wasiwasi kama itatoka. Walikuwepo mapacha wa baiskeli moja. Ilikuwepo bendi ya polisi wastaafu iliyojua wimbo mmoja na nusu. Katikati ya vurugu hizo walikaa watoto kumi kwenye benchi, wakiimba, wakijibu maswali, wakipewa pipi. Mdhamini alikuwa kiwanda cha sabuni chenye nembo ya kiboko. Mchoraji akaletwa, akachora kiboko ukuta mzima nyuma ya benchi, anaoga, anacheka, makalio yamejaa kona ya kulia. Kuanzia puani kwake, kuelekea mkiani, ikaandikwa kwa tarakimu kubwa namba ya simu ya studio, ikamalizikia kabisa penye makalio ya kiboko. Mchoraji alisifiwa kwa kutumia nafasi vizuri.

Simu ile haikuwa pambo. Mtoto akishakaa msimu wake benchini, mwisho wa kipindi Mjomba anamsimamisha, anauliza kamera, "Watazamaji, tumuage?" Simu inalia. Mtu yuko nyumbani kwake, labda bado na kikombe cha chai mkononi, anasema, "Tumekuaga, nenda ukakue." Mtoto anaruka chini, watu wanapiga makofi, anakwenda zake kukua. Bila simu hiyo, mtoto hajaagwa. Asiyeagwa anarudi Jumamosi ijayo.

Sheria zilikuwa mbili, na zote zilikuja kwa sababu. Ya kwanza: ndugu wa mtoto yeyote wa benchi haruhusiwi kuaga. Hii ilitungwa baada ya mama mmoja kupiga simu katikati ya wimbo kumuaga mwanawe kwa sababu vyombo vilikuwa havijaoshwa. Ya pili: anayeaga lazima awe anaangalia kipindi saa hiyo hiyo, na Mjomba humuuliza swali la kumpima. Hii ilitokana na bwana mmoja aliyekosea namba akitafuta fundi wa mabomba. Alikuwa mtu mwenye haraka, akakubali kila alichoambiwa, akamuaga mtoto ambaye hata hakuwa amesimama.

Dada yangu nyumbani tulimwita Chiriku, kwa sababu hakunyamaza. Alikuwa na miaka saba, mapengo mawili ya mbele, na wimbo wake wa vidole kumi ambao ulitutoa roho. Siku ya kuagwa kwake mama alimnyooshea gauni la manjano, akampaka mafuta mpaka akang'aa kama kioo, akamshika mabega. Nilikuwepo, nilisikia. "Ukae kwa adabu, mwanangu. Sitaki kusikia umeondoka kwa watu bila kuagwa."

Mama hakuwa na kosa. Alidhani ni suala la dakika mbili.

Wiki hiyohiyo shirika la simu lilikuwa limeongeza tarakimu moja mwishoni mwa kila namba mjini. Lilitangaza kwenye redio, likabandika karatasi posta. Kila duka, kila ofisi, kila zahanati ikaongeza tarakimu yake. Kituo pia kiliongeza, kwenye karatasi zake za ofisini. Ukutani, hakuna aliyekumbuka.

Mjomba akamsimamisha Chiriku. "Watazamaji, tumuage?" Simu kimya. Akakohoa. "Watazamaji wapenzi, tunamuaga au hatumuagi?" Kimya. Bendi ikarudia ile nusu ya wimbo. Mimi na mama tuko kwa jirani, mbele ya televisheni yake, mama anasema, "Mbona watu hawapigi? Mtoto wangu amewakosea nini?" Watu walikuwa wanapiga. Wewe mwenyewe, au baba yako, mlipiga, mkasikia mlio wa namba isiyokuwepo, mkaweka simu chini. Taarifa ya habari ikaingia. Mjomba akampapasa kichwani. "Basi, tutaonana Jumamosi ijayo."

Jumamosi ijayo ikawa hivyo. Na iliyofuata. Msimu ukaisha, watoto wote kumi hawajaagwa, benchi limejaa, watoto wapya wanarudishwa langoni na mlinzi. Ilipogundulika kuwa mchawi ni ile namba, mwongozaji alimwita mchoraji aongeze tarakimu. Mchoraji akaja, akapanda ngazi, akashuka. "Hakuna nafasi. Labda nipunguze makalio."

Mkurugenzi akakataa. Mkataba wa sabuni ulisema kiboko hatapunguzwa, hatafunikwa, wala hatakatwa sehemu yoyote ya mwili, milele. Kiwanda kile kilifungwa zamani, mwenyewe ameshazikwa, hata hiyo sabuni huwezi kuipata kwa dawa. Lakini kuifuta hiyo "milele" kunahitaji sahihi za pande mbili, na upande wa pili ni kaburi. Wakashauriwa waandike namba chini kwenye kioo cha televisheni. Fundi mitambo akasema mahali pale pamenunuliwa na tangazo la saruji, na kuitaja namba kwa mdomo nako ni tangazo.

Ndiyo maana nchi nzima inajivunia kipindi kilichodumu. Kimedumu kwa sababu wamekosa pa kutokea.

Watoto wale kumi wana mvi sasa. Siku za kawaida wana kazi zao na nyumba zao. Jumamosi saa nne wanarudi benchini, magoti yamefika kidevuni. Yuko daktari wa meno ambaye kila wiki anaulizwa kama amepiga mswaki. Yuko hakimu, mtu anayefunga watu, anaulizwa mbuzi analiaje, na analia, kwa sauti ileile anayosomea hukumu. Dada yangu ni fundi cherehani, ana watoto watatu na shinikizo la damu. Gauni lake la manjano wanaliongezea ukanda wa kitambaa kila anaponenepa, mpaka sasa gauni lenyewe limebaki kwenye kola tu. Anaimba vidole kumi. Nawe unamwonyesha mkeo, "Hebu tazama hawa wazee, wanachekesha," kisha tangazo la saruji linaingia na unahama.

Nimemuuliza mara nyingi. Mara ya mwisho alikuwa kwenye cherehani, sindano mdomoni.

"Dada, kwani ukiinuka tu ukaondoka, nani atakushika?"

"Hakuna."

"Basi inuka."

"Niinuke mbele ya watu wote, bila kuagwa, kama mwizi wa kuku?"

"Mama ameshafariki, Chiriku."

"Ndiyo maana. Angekuwa hai ningemuuliza."

Akaendelea kushona. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya watu.

Tulimzika mama Jumamosi. Hukujua hilo, maana hukuuliza. Mlinzi wa makaburini alikuwa na televisheni ndogo kwenye kibanda chake, na alikuwa mtu mwema, aliipunguza sauti tulipofika. Lakini kulikuwa kimya sana siku ile. Tulipokuwa tunamshusha, nikamsikia dada yangu kwenye televisheni ya kibandani anahesabu vidole. Kimoja, viwili. Sauti yake ilikatika kwenye cha sita. Mjomba akasema, "Tumsaidie mwenzetu amesahau," na watoto tisa wenye mvi wakamsaidia. Alifika makaburini baada ya kipindi, tumeshamaliza, bado yumo kwenye gauni la manjano, akaweka pipi yake juu ya udongo kwa kuwa hakuwa na kitu kingine mkononi.

Tangu siku hiyo sikukaa kitako. Sikusoma sana, lakini namba ya simu hainishindi. Niliuliza shirika la simu, nikaipata tarakimu iliyokosekana, nikapiga Jumamosi kipindi kikiwa hewani. Simu ya studioni ililia. Nchi nzima ingeisikia, kama nchi nzima ingekuwa inaangalia. Mjomba aliinua mkono wa simu.

"Haloo, mtazamaji."

"Namuaga Chiriku."

"Wewe ni kaka mtu. Hiyo sauti ya puani naijua, uliwahi kuja langoni na barua ya kumwombea dada yako."

"Sheria hiyo ni ya kijinga, Mjomba."

"Ni ya kijinga, mwanangu. Lakini ndiyo sheria."

Jumamosi iliyofuata nilifunga kitambaa mdomoni. Akasema, "Kaka, naona umepata mafua, pole." Hadhira ikacheka. Hakimu naye alicheka, na yeye ni mfungwa kama dada yangu.

Nikamwendea jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, mtu anayejua habari za kila mtu. Alikubali kwa heshima zote. Alipiga, nimekaa pembeni yake. Mjomba akamuuliza swali la kupima: "Mzee wangu, nimevaa kofia ya rangi gani?" Jirani hakusita hata kidogo.

"Kijivu."

Televisheni yake ilikuwa imefunikwa kitambaa, juu yake kuna saa na maua ya plastiki. Mara ya mwisho kuangalia ilikuwa enzi za picha nyeusi na nyeupe, wakati kila kofia ilikuwa ya kijivu. Simu ikakatwa. "Lakini nilimwona kwa macho yangu," akaniambia, amekasirika kweli.

Nikamwendea kinyozi wangu. Huyu ana televisheni kubwa ukutani na haizimwi. Nikamwambia, "Angalia kofia kwanza."

"Wacha wasiwasi, bwana mkubwa. Kofia ya Mjomba, mimi nisiijue? Nilikuwa nayo kwenye begi langu la shule."

"Angalia hivyohivyo."

"Naangalia." Alikuwa anaangalia mpira, na wembe ulikuwa shingoni mwangu, sikuweza kugeuka. Simu ikapokelewa. "Mjomba, shikamoo. Nyekundu," akasema, hata kabla ya kuulizwa.

Nikasikia Mjomba anavuta pumzi. "Ilikuwa nyekundu, kijana wangu. Ilikuwa."

"Kwani ameibadilisha lini?" kinyozi akaniuliza, bado ameshika simu, uso mzima wa mtu aliyefiwa. "Na mbona hatukuambiwa?"

Hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa wa nchi hii. Kipindi hiki kila mtu anakikumbuka, na hakuna anayekiangalia. Nikaenda kituoni, nikakaa kwenye ngazi mpaka mkurugenzi akachoka kunipita. Mkurugenzi huyu ni wa kizazi kipya, suti yake inambana, naye pia alijipiga kifua: amekua nacho.

"Ndugu yangu, utafiti wetu unaonyesha kila nyumba inakipenda."

"Inakipenda au inakiangalia?"

"Hayo ni mambo mawili tofauti. Sisi tunapima moja."

"Mtolee dada yangu kibali aondoke."

"Kibali?" Akacheka kwa upole, kama daktari. "Nani amemzuia? Mlango uko wazi. Sisi kila wiki tunauliza kwa uwazi kabisa, mbele ya kamera, kama kuna mtu anataka kumuaga. Kama wananchi hawataki aondoke, mimi ni nani?"

Nilitoka na hasira ya kung'ata ukuta. Kwenye korido nikamkuta Mjomba kwenye kiti cha plastiki, poda usoni, viatu amevivua. Ni mzee sasa, mikono bado ya seremala. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali miaka yote hiyo. Akaniwahi.

"Usinifokee, mwanangu. Mimi nilikuja kutengeneza benchi."

"Basi si umwachie aende. Funga macho mara moja tu, sema umesikia simu."

"Niseme uongo mbele ya watoto?" Akasugua vidole vya miguu. "Na mimi nitaondokaje? Nani ataniaga mimi? Fundi haondoki kabla kazi haijaisha. Ule mguu wa nyuma wa benchi bado sijaumalizia rangi. Kila nikichukua brashi, wamekaa."

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada yako, magoti yanamsumbua bado?"

"Yanamsumbua."

"Mwambie apake mafuta ya karafuu, yanatia ganzi. Mimi yananisaidia."

Sasa nisikilize, maana nakuja kwako. Binti wa Chiriku anaolewa. Wakwe walikuja nyumbani, watu wastaarabu, wakakaa, wakanywa chai, kisha baba mkwe akakohoa. "Sisi kwa binti hatuna neno. Ila huyu mama mtu, samahani, tulimwona juzi anapewa pipi kwa kutaja rangi. Tukija siku ya ndoa, tutamkuta?"

"Ndoa si mnaweza kuiweka Jumatano?" nikasema.

"Jumatano?" Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Tunaiba?"

Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne na nusu asubuhi, na ofisi ya ndoa haibadilishi. Saa nne na nusu dada yangu huwa anaimba kidole cha pili. Gauni la harusi la binti ameshona mwenyewe, jeupe, kitambaa kizima. Juzi nilimkuta amelitandaza juu ya kitanda anapitisha kiganja.

"Hili halina kiraka hata kimoja," akasema. Kisha akaniuliza, hanitazami, "Kaka, nikiondoka tu bila kuagwa, binti yangu siku moja si atafanya hivyohivyo kwa watu?"

"Utaagwa," nikamwambia.

"Na nani?"

Jibu ni wewe.

Mimi siwezi, ni ndugu; wakwe nao sasa ni ndugu. Ndugu wa daktari wa meno hawawezi, wa hakimu hawawezi, ukoo mzima wa benchi umefungwa mdomo. Jirani amejaribu, kinyozi amejaribu, na simu iliyokosea inahesabiwa, huruhusiwi mara ya pili. Wewe hujajaribu. Humjui dada yangu, hana undugu na wewe, humdai wala hakudai, na hiyo ndiyo sifa pekee inayotakiwa. Nchi hii imejaa watu wenye sifa hiyo na wamekaa wanakula karanga.

Jumamosi hii, si ile ya harusi, hii. Fungua televisheni saa nne. Kaa. Vumilia mfanya mazingaombwe, leso itatoka. Vumilia bendi. Muimbie Chiriku vidole kama utaweza, si lazima. Tangazo la saruji likiingia, weka rimoti chini, ikibidi ikalie. Mjomba atasimama, atauliza, "Watazamaji, tumuage?" Namba utaiona ukutani: tano, mbili, tano, moja, sita. Mwisho, pale kwenye makalio ya kiboko, weka nane. Nane ndiyo yote iliyokosekana.

Atakuuliza kofia yake ina rangi gani. Usinipigie mimi kuniuliza, sikwambii, na ukimuuliza kinyozi umekwisha. Tazama kichwani kwake, mwambie unachokiona, kisha sema maneno manne yaliyobaki kumtoa dada yangu pale: Chiriku, tumekuaga, nenda ukakue.

Shika simu.